Halmashauri inataka kuchukua timu ya Championship: fedha zitoke fungu gani, na madiwani waulize nini?

mpigakura_kata

Habari za jioni wakuu.

Halmashauri yetu ya mji imeingiza kwenye rasimu ya bajeti ya mwaka ujao shilingi milioni 400 za "kuendeleza michezo". Ukisoma maelezo ya ndani, fedha hizo ni za kuichukua timu ya Championship (daraja lililo chini ya Ligi Kuu) kutoka kwa mmiliki binafsi, kuibadilisha jina iwe ya mji, na kuipigania ipande Ligi Kuu. Kamati ya Fedha na Uongozi imeshapitisha, sasa linasubiriwa Baraza la Madiwani.

Wanaounga mkono wanataja KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Mbeya City na Geita Gold, kwamba kama wao wameweza na sisi tutaweza. Mimi mpira naupenda na sipingi mji kuwa na timu. Ila fedha ni za ushuru wa mama muuza nyanya na wa mwenye duka, kwa hiyo nataka zihojiwe kabla hazijatoka.

Je, mapato ya halmashauri yanaweza kweli kulipa mishahara ya wachezaji? Madeni ya mmiliki wa zamani yanabaki kwake au yanatufuata? Na uwanja je? Uliopo mjini ni wa CCM, na halmashauri inataka kuukarabati ukidhi vigezo vya Ligi Kuu. Diwani wa kata yetu yuko tayari kusimama kuuliza, anachohitaji ni maswali yenye meno.

---

daftari_kuu

Mkuu, tuanze na chanzo cha fedha, maana hoja nyingi za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) huzaliwa hapo.

Fedha za halmashauri haziko kwenye mfuko mmoja. Ruzuku ya Serikali Kuu na fedha za wafadhili zina kazi zake, huzigusi. Mapato ya ndani nayo yamegawanyika. Kuna mapato lindwa, mfano uchangiaji wa huduma za afya, ambayo lazima yarudi kwenye huduma iliyoyazalisha. Halafu kuna yasiyolindwa: ushuru wa huduma, ushuru wa mazao, leseni za biashara, pango la vibanda, stendi, minada. Timu inaweza kulishwa na hili fungu la mwisho tu. Na kabla hujalifikia, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kimeshatenga 10% kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa uwiano wa 4:4:2. Kisha kuna asilimia ya lazima ya miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho kinachonunua mafuta ya magari, kinacholipa posho za vikao, stahiki za watumishi na umeme. Mishahara ya wachezaji inakwenda kugombea hapo hapo.

Kwa hiyo diwani aulize kwanza: hizo milioni 400 zimekaa kwenye matumizi ya kawaida au kwenye maendeleo? Kama ziko kwenye maendeleo, azikatae palepale. Mshahara wa mshambuliaji na hoteli ya ugenini haviachi mali yoyote kwenye rejista ya halmashauri. Kuviita mradi ni kutimiza asilimia ya maendeleo kwenye karatasi huku boma la zahanati likisubiri kupauliwa.

Pili, asikubali kujadili makadirio peke yake. Aombe taarifa ya makusanyo halisi ya miaka 3 iliyopita, robo kwa robo. Mji unaoishi kwa ushuru wa mazao hukusanya vizuri msimu wa mavuno, halafu akaunti inakuwa nyepesi miezi ya katikati ya mvua, ambayo ndiyo katikati ya ligi. Bajeti inaweza kuonyesha fedha zipo kwa mwaka mzima, lakini wachezaji wakakaa Februari na Machi bila mshahara. Wakati huo kocha anaanza kupoteza mechi na watu wanasema tatizo ni kocha.

Tatu, njia ya malipo. Timu ikiwekwa chini ya kitengo cha utamaduni, sanaa na michezo, inabeba taratibu zote za ofisi. Ununuzi unapita NeST, malipo yanapita MUSE, yaani mifumo ya kielektroniki ya serikali. Safari za ugenini ndizo huumiza zaidi. Meneja anachukua masurufu (fedha za kutumia kwanza na kurejeshewa hesabu baadaye) ya safari ya Kagera, timu inarudi Jumatatu, na Ijumaa inatakiwa kuondoka kwenda Lindi. Kanuni hazimruhusu mtumishi kuchukua masurufu mapya kabla ya kurejesha yale ya kwanza kwa stakabadhi kamili. Matokeo yake ama timu inachelewa kuondoka, ama masurufu yanaandikwa kwa jina la mtumishi mwingine asiyesafiri. Hili la pili ndilo linaloonekana baadaye kwenye ripoti kama masurufu yasiyorejeshwa, na anayekatwa mshahara ni huyo aliyesaini kwa nia njema.

Njia iliyo safi zaidi ni timu kuwa chombo chenye uhai wake kisheria: kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), bodi yake, akaunti yake, huku klabu ikibaki na usajili wake wa michezo chini ya BMT (Baraza la Michezo la Taifa). Halmashauri inatoa ruzuku kwa makubaliano ya maandishi yenye ukomo: kiasi gani kwa mwaka, kinatolewa lini, na kinasitishwa kwa sababu zipi. Sentensi moja isikosekane kwenye makubaliano hayo, kwamba halmashauri haidhamini mkopo wala deni lolote la klabu. Bila sentensi hiyo, kampuni ni koti tu na deni linarudi kwa mlipa ushuru. Kuwa kampuni pia hakuifichi timu. Pale penye fedha za umma CAG anaingia, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inaweza kumwita Mkurugenzi.

---

namba_sita

Naunga mkono ya hapo juu. Niongeze upande wa klabu, kuanzia swali la madeni, kwa sababu hapo halmashauri zinaweza kuumia kuliko popote.

Madeni yanawafuata. Kanuni za nidhamu za FIFA zinamtambua mrithi wa kimichezo wa klabu yenye deni. Wanaangalia jina, nembo, rangi, wachezaji, uwanja, wamiliki, daraja la ligi. Ukichukua nafasi ya timu kwenye ligi pamoja na wachezaji wake, kubadilisha jina hakukuokoi. Mchezaji wa kigeni aliyeachwa bila kulipwa misimu miwili iliyopita anaweza kushinda kesi leo na deni likasomeka kwenu. Uamuzi ukishatoka, klabu ina siku 45 za kulipa. Ikishindwa, inafungiwa kusajili, na kifungo hicho kinaweza kufika madirisha 3 mfululizo. Hebu fikiria halmashauri imeshatangaza timu mpya kwa mbwembwe, halafu dirisha linafunguliwa na haiwezi kuingiza hata kipa wa akiba.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, yapatikane haya kwa maandishi: barua ya TFF (shirikisho la soka nchini) inayoonyesha mashauri yote ya klabu yaliyo kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, hali ya klabu kwenye orodha ya FIFA ya waliofungiwa kusajili, ambayo iko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote, uthibitisho wa NSSF na TRA kuhusu michango na kodi za wachezaji, na nakala ya kila mkataba wa mchezaji na benchi la ufundi, pamoja na viambatanisho. Viambatanisho visomwe kwa makini. Mkataba wa mbele unaweza kusema mshahara ni laki 8, cha nyuma kikasema kuna fedha ya usajili milioni 15 iliyolipwa nusu. Hiyo nusu ndiyo kesi ya kesho.

Bei nayo isilipwe yote siku moja. Sehemu yake ishikiliwe kwa mwaka mmoja, na deni lolote la zamani litakaloibuka likatwe humo. Muuzaji akikataa sharti hilo, tayari ameshakujibu.

Sasa gharama. Nitumie mfano wa kukokotoa tu, kila mtu aweke takwimu zake. Wachezaji 28 kwa wastani wa milioni 1.2 kwa mwezi ni milioni 403.2 kwa mwaka. Hapo milioni 400 zimeshaisha, na bado hujaweka NSSF, benchi la ufundi, fedha za usajili, nyumba, chakula cha kambi, matibabu, posho za ushindi. Ligi ya timu 16 ina mechi 15 za ugenini. Msafara wa watu 30, usiku 3 kwa kila safari, malazi na chakula shilingi 60,000 kwa mtu kwa siku: ni milioni 81, bila mafuta ya basi na bila ndege. Wanaosema milioni 400 zinatosha kupanda na kubaki Ligi Kuu waombwe kuonyesha mchanganuo, mstari kwa mstari.

Upande wa mapato, watu huwa wanataja Azam, wanaorusha mechi za ligi kwenye televisheni. Mkataba wao wa haki za matangazo uliosainiwa 2021 ni wa bilioni 225.6 kwa miaka 10, yaani wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Hata ungegawiwa sawasawa kwa timu 16 za Ligi Kuu bila kukatwa hata senti, kila moja ingepata bilioni 1.41. Haugawiwi hivyo, kwa hiyo bajeti iandikwe kwa kiasi pungufu cha hapo. Na nyinyi mko Championship, fungu la Ligi Kuu bado si lenu. Viingilio navyo vinanona siku Simba au Yanga wakija kwenu, mechi mbili kwa msimu. Zilizobaki, ukishatoa VAT, uwanja, waamuzi, ulinzi na makato ya vyama, kinachofika klabuni kinaweza kisilipe hata usafiri wa mechi inayofuata.

Kuna kifungu kimoja kila mkataba wa mchezaji uwe nacho: timu ikishuka, mshahara unapungua kwa kiwango kilichokubaliwa tangu mwanzo. Mbeya City ilimaliza nafasi ya 3 msimu wa 2013/14, ikashuka 2023, na ikarejea msimu wa 2025/26. Geita Gold ilishika nafasi ya 4 msimu wa 2021/22 na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika, 2024 ikashuka. Kushuka ni jambo la kawaida kwenye mpira. Mikataba ya Ligi Kuu inayoendelea kulipwa ukiwa Championship ndiyo inayoua klabu.

Na kumbukeni kanuni ya miezi miwili. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi 2, anaandika barua ya siku 15, na baada ya hapo ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Malipo yakikwama kwenye mfumo wa halmashauri kwa miezi hiyo, FIFA haitakusikiliza ukisema saini ya Mkurugenzi ilichelewa kwa sababu alikuwa safarini.

---

nyasi_na_maji

Nitajibu la uwanja.

Viwanja vingi vya mikoani, kama Sokoine wa Mbeya, Kirumba wa Mwanza, Jamhuri wa Dodoma, Sheikh Amri Abeid wa Arusha na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, ni mali ya CCM. Vilijengwa enzi za chama kimoja na wananchi walichangia. Vyama vingi viliporejea 1992, viwanja vikabaki kwa chama. Mjadala wa nani anastahili kuvimiliki ni wa kweli na una uzito wake, ila hautamalizwa na halmashauri moja. Kwa diwani swali ni dogo na kali zaidi: fedha ya umma ikiingia kwenye mali isiyo ya umma, umma unabaki na nini?

Kama halmashauri itaweka nyasi, uzio na vyumba vya kubadilishia nguo bila mkataba wa pango, siku ya pili mwenye uwanja ana uwanja mzuri zaidi na halmashauri ina stakabadhi. Mkataba uwe wa maandishi, wa muda mrefu kuliko uhai wa ukarabati, uliosajiliwa, na gharama za ukarabati zikatwe kwenye kodi ya pango mwaka hadi mwaka. Uandike pia nani anachukua mapato ya mabango, maegesho na vibanda siku ya mechi. Ukikaa kimya, mwenye uwanja atachukua.

Halafu matumizi mengine ya uwanja. Eneo la kuchezea likiwa la nyasi asilia linauawa na mambo mawili: udongo kushindiliwa na maji kukosa njia. Tamasha au mkutano wa hadhara unaingiza malori ya jukwaa na jenereta mpaka katikati. Tairi la lori likipita kwenye udongo wenye unyevu, linabana mizizi sentimita kadhaa chini na juu huoni kitu. Wiki mbili baadaye mistari ya njano inaonekana pale pale magurudumu yalipopita, mvua ikinyesha maji yanasimama humo humo. Dawa ni kutoboa udongo kwa mashine ya vijiti vyenye uwazi, kutandaza mchanga safi wa mto uingie kwenye matundu, kumwagilia, na kuacha uwanja upumzike wiki kadhaa. Katikati ya ligi wiki hizo hazipo. Bodi ya Ligi inaufungia uwanja, timu inahamia mkoa mwingine, na kila mechi ya "nyumbani" inageuka safari yenye gharama na isiyo na watazamaji wenu.

Kwa hiyo mkataba useme wazi: kipindi cha ligi, gari lolote halikanyagi eneo la kuchezea. Jukwaa liwekwe nje ya mstari wa goli, kwenye mbao za kutandika. Mwenye shughuli aache dhamana ya fedha kabla ya kukabidhiwa funguo. Isiangaliwe shughuli ni ya nani. Uchaguzi ukikaribia ndipo kifungu hiki kitapimwa.

Mtu akipendekeza nyasi bandia ili kukwepa hayo yote, aulizwe fedha za kubadilisha zulia ziko wapi. Kwa matumizi ya kila siku zulia hudumu takriban miaka 8 hadi 10, likihitaji kupigwa brashi na kuongezewa chembe za mpira muda wote. Cheti cha FIFA cha daraja la juu ni cha mwaka mmoja tu, kisha upimwe upya. Cha daraja la kawaida ni miaka 3. Fungu la kubadilisha lianze kutengwa mwaka wa kwanza.

Kama mji una ardhi, mimi ningeanza na uwanja wa halmashauri yenyewe, hata mdogo. Kinondoni wana KMC Complex pale Mwenge, na msimu wa 2024/25 hata Simba waliutumia kama uwanja wa nyumbani. Timu ikishuka, uwanja unaendelea kukodishwa.

---

umitashumta_kwanza

Mimi naona mnamsaidia kununua kitu ambacho hakipaswi kununuliwa. Kabla ya swali lolote, diwani aulize: mwaka jana halmashauri ilitenga kiasi gani kwa UMITASHUMTA na UMISSETA (michezo ya shule za msingi na sekondari), na kilitoka kiasi gani? Afisa michezo anazo hizo takwimu. Kama watoto walikwenda mashindano ya mkoa kwa michango ya wazazi, halmashauri haina msingi wa kulipa mishahara ya wachezaji wa kulipwa, wengi wao kutoka mikoa mingine.

Milioni 400 zinasawazisha viwanja vya kata, zinaweka magoli ya chuma, zinasomesha makocha wa ngazi ya awali na kuendesha ligi ya wilaya ya vijana. Ardhi ya viwanja vya wazi ipatiwe hati kabla haijavamiwa. Kisha mchezaji aliyekulia kwenye kituo chenu akiuzwa nje ya nchi, kanuni za FIFA zinatenga 5% ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, mradi ziwe zimesajiliwa rasmi na kumbukumbu zake zipo. Hiyo fedha inakuja bila halmashauri kumiliki timu ya Ligi Kuu.

---

mpigakura_kata

Nashukuru sana wakuu, nimeshaanza kumwandikia diwani. Mawili yamebaki. Mosi, tunaambiwa gharama nyingine zitabebwa na "wadau", na majina yanayotajwa ni makandarasi na wazabuni wa halmashauri. Pili, mwaka wa uchaguzi Baraza huvunjwa. Timu inakuwa mikononi mwa nani?

---

daftari_kuu

La wadau ni zito. Mkandarasi anayesubiri hati ya malipo ya barabara hawezi kumkatalia Mkurugenzi ambaye ni bosi wa timu. Anatoa milioni 10 za posho ya ushindi, halafu anazirudisha kwenye unene wa changarawe. Hasara inakuja kuonekana mvua za kwanza. Sharti liwe hivi: mwenye zabuni inayoshindaniwa, mkataba unaoendelea, au deni la ushuru wa huduma, asipokelewe kama mdhamini. Mwingine yeyote aingie kwa mkataba wa udhamini wenye jina, kiasi na anachopata, fedha ziende benki kwenye akaunti ya klabu, na orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo kila robo mwaka. Udhamini wa mgodi au kiwanda hauna ubaya. Ila kama ni mgodi, udhamini wa timu utenganishwe na mpango wa mwaka wa wajibu kwa jamii unaotakiwa na kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, ili jezi zisije kula fedha za madarasa.

Ahadi za uwanjani nazo zidhibitiwe. Kiongozi akishuka baada ya mechi na kutangaza kila mchezaji laki 5, mtu mmoja ofisini anabaki anatafuta fungu. Kanuni za fedha za klabu ziseme posho ya ushindi inalipwa kwa jedwali lililopitishwa na bodi kabla ya msimu. Anayeahidi zaidi alete fedha zake mwenyewe.

La uchaguzi: Baraza likivunjwa, shughuli zinaendeshwa na menejimenti chini ya Mkurugenzi mpaka madiwani wapya waapishwe baada ya uchaguzi wa Oktoba. Kipindi hicho hicho ndicho cha usajili na mwanzo wa ligi. Mikataba ya wachezaji ya miaka 2 au 3 inaweza kusainiwa bila diwani hata mmoja kuwepo, na Baraza jipya likakuta limefungwa mikono. Kwa hiyo azimio la sasa liweke ukomo mapema: jumla ya mishahara isizidi kiasi fulani, hakuna mkataba wa zaidi ya msimu mmoja unaosainiwa Baraza likiwa limevunjwa, na wajumbe wa bodi wenye taaluma ya fedha, sheria na mpira wawe wengi kuliko wanaoingia kwa vyeo vya kisiasa, na muda wao usiishe pamoja na wa madiwani.

Mwambie diwani asiombe haya kwa mdomo. Ayaandike kama mapendekezo ya marekebisho, ampe Mwenyekiti na nakala kwa Katibu wa kikao kabla ya siku yenyewe, na adai yaingie kwenye muhtasari hata yakikataliwa. Mkaguzi anapokuja, anaanza kwa kusoma mihtasari.